Wanapitaga: Neno Lililonifundisha Ukalimani

Siku yangu ya kwanza kazini sikutafsiri neno hata moja. Niliripoti kwenye mahakama moja ya Temeke nikiwa na barua ya ajira, shati la mikono mirefu nililoazima kwa shemeji yangu, na Kiingereza cha sekondari nilichokiamini kupita kiasi. Karani Mkuu alikuwa Mzee Nassor, mtu wa asili ya Kiarabu ambaye ukoo wake ulikuwa na maduka palepale Temeke tangu enzi za babu zake. Ijumaa alivaa kanzu, siku nyingine suruali iliyopigwa pasi ikanyooka. Alinikalisha kwenye benchi la mashahidi akaniuliza nimetoka wapi na nilikuwa nafanya kazi gani.

"Nilikuwaga karani wa ghala la pamba, Shinyanga," nikamjibu.

"Ulikuwaga," akarudia taratibu, kama anayeonja mchuzi uliozidi chumvi. "Hiyo 'aga' yako, Maganga, iache mlangoni pamoja na viatu. Humu ndani tunasema huwa."

Mahakamani hakuna anayevua viatu, lakini nilimwelewa. Sisi wa bara tuna mtindo wa kubandika hiyo 'aga' nyuma ya kitendo tukitaka kusema kwamba jambo linatokea, linapita, halafu linatokea tena. Nakujaga, nakulaga, ananisumbuaga. Watu wa pwani wana njia yao: huja, hula, huwa ananisumbua. Maana ni ileile. Ila Mzee Nassor aliona ya kwao ni lugha na ya kwetu ni uchafu wa safarini. Leo vijana wote wa Dar wanasema 'aga', hata wajukuu wa Mzee Nassor mwenyewe, na namshukuru Mungu kwamba hakuishi kulisikia hilo.

Niwaeleze ninyi mnaoanza kazi sasa, maana hamtaamini. Wakati wetu shahidi alipanda kizimbani akaongea Kiswahili. Hakimu akasikia Kiswahili, mawakili wakasikia Kiswahili, hata polisi aliyesinzia mlangoni alisikia Kiswahili. Kisha wote walitulia wakanisubiri mimi niseme jambo lilelile kwa Kiingereza, ili hakimu aliandike kwa mkono kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya kila kilichosemwa mbele yake. Wakili naye aliuliza swali kwa Kiingereza, na shahidi aliyesoma shule akaanza kujibu kabla sijafungua mdomo, hakimu akamkatiza: "Subiri mkalimani." Basi nilikuwa nalipwa mshahara wa serikali kuwaambia watu mambo waliyokwisha kuyasikia. Nilipoanza nilidhani ni kazi rahisi sana.

Mzee Nassor alinitoa ujinga huo mapema. Alinifundisha kwamba mkalimani ameapa kutafsiri, hakuapa kusaidia. Shahidi akisema pumba, tafsiri pumba. Ukizipepeta zikawa mchele, ni wewe uliyetoa ushahidi, na wewe hakuna aliyekuita uje kuhojiwa. Alinikataza kutazama sura ya shahidi ninapotafsiri, kwa sababu huruma hupitia machoni. Nilimtii katika hilo miaka yangu yote, isipokuwa siku moja ambayo nitaieleza.

Neno ninalotaka kulizungumzia nililipata kwa bosi wangu wa pili, Hakimu Mkazi wa palepale Temeke. Majirani walikuwa wamemshtaki mchomeleaji mageti kwa sababu ya makelele. Shahidi wao alisema yule bwana anagonga vyuma "kila wakati". Hakimu aliinua kalamu, akaahirisha shauri kwa muda mfupi, akaniita ofisini kwake. Aliniuliza kama najua tofauti ya "continuous" na "continual". Nikasema nadhani ni mtu na pacha wake.

"Hapana," akasema. "Feni hii nikiiwasha asubuhi, nikaizima natoka, hiyo ni continuous. Haikatiki. Jogoo wa jirani yangu ni continual. Ananyamaza, nakaribia kusinzia, anaanza tena. Nenda kamuulize shahidi, huyu fundi ni feni au ni jogoo?"

Nilirudi nikauliza, kwa maneno ya heshima zaidi, na shahidi akasema fundi hupumzika, hula, huswali, kisha hurudi kugonga. Alikuwa jogoo. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na furaha ya ajabu, maana niligundua kwamba Waingereza wanahitaji maneno mawili marefu yanayofanana ili kusema kitu ambacho sisi tumekificha ndani ya kitendo chenyewe. Tangu hapo nikawa mtu wa kuchosha. Mke wangu, Mama Neema, akisema "kila siku unachelewa", namuuliza kama ni kila siku au mara kwa mara. Alinivumilia. Nadhani pia alikuwa na maneno yake ambayo hakunitafsiria.

Nilipandishwa cheo nikahamishiwa Kinondoni, chini ya Hakimu Mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa kituo. Alikuwa mama mkali wa muda, aliyefunga mlango wa mahakama saa ikifika, wakili akiwa nje atajijua. Kwake nilijifunza kusimama wima na kutafsiri matusi bila kucheka. Kutoka Kinondoni nikapelekwa baraza la ardhi la wilaya, nilikobaki mpaka mwisho. Sitalitaja lipi, watu wake wengine bado wako kazini. Baraza ni mahakama ya migogoro ya viwanja na nyumba, na aliyekaa kiti cha mbele anaitwa Mwenyekiti hata kama ni mwanamke. Wetu alikuwa mwanamke, mwenye sauti ndogo na kumbukumbu kubwa, na aliandika polepole kuliko mtu yeyote niliyepata kumfanyia kazi.

Hapo ndipo alipokuja Bi Zuhura wa Mbweni.

Alikuwa bibi mwembamba, mwenyeji wa pwani ile kabla haijajengwa haya majumba ya ghorofa. Ukoo wake ulikuwa na makaburi yao nyuma ya viwanja vilivyouzwa zamani na ndugu zake, na njia ya kufika huko ilipita ndani ya kiwanja kimoja. Kiwanja kile kilinunuliwa na Bwana Shija, mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Jina lake tu lilinitosha kujua kwamba ametoka upande wa kwetu. Alijenga, akazungusha ukuta, na alipoibiwa nondo na saruji akaweka geti akalifunga. Bi Zuhura akabaki nje ya ukuta. Huko nyuma ya kiwanja walilala wazazi wake, na binti yake Mwanaidi aliyefariki akiwa msichana. Hakutaka fidia wala kiwanja. Alitaka apite kwenda kwa mwanawe.

Alikuwa na wakili, kijana mwenye moyo mzuri aliyemsaidia bila malipo. Katika hati ya madai, ambayo enzi hizo iliandikwa Kiingereza, kijana alitaka kuonyesha kwamba familia imeitumia njia kwa muda mrefu bila kuzuiwa na mtu. Akaandika wameitumia "continuously". Bi Zuhura alisomewa hati kwa juujuu, akaweka dole gumba, akaamini.

Siku ya kuhojiwa, wakili wa Bwana Shija alisimama. Alikuwa mtu mzima, mzoefu, mwenye tabia ya kutabasamu kabla ya kuuma. Akaisoma ile sentensi kwa Kiingereza, akiliachia lile neno nafasi yake, kisha akaniomba niiweke kwa Kiswahili ili mama ajibu kama ni kweli.

Nilijua kinachokuja. Kama ningesema "mara kwa mara", bibi angeitikia na mambo yangekwisha. Lakini neno lililokuwa kwenye karatasi halikuwa hilo. Nikamgeukia, nikasema: "Bi mkubwa, wakili anauliza, ni kweli kwamba familia yako imekuwa ikiitumia njia ile mfululizo, bila kukatika?"

Bi Zuhura alifikiri. Alikuwa ameapa kwa Msahafu na alilichukulia hilo kwa uzito.

"Hapana," akasema.

Wakili wake akafumba macho. Yule mwingine akaendelea kwa upole. Alimuuliza kama kuna mwezi aliokaa bila kwenda, bibi akasema upo, aliumwa miguu. Akamuuliza kama upo mwaka ambao wanaukoo wengi hawakwenda, bibi akasema upo, walikuwa wametawanyika, wengine Zanzibar, wengine Tanga. Kila jibu lilikuwa kweli, na kila moja nililiweka kwa Kiingereza kama lilivyo, na kila moja lilimsogeza mbali na kaburi la mwanawe. Ndiyo siku niliyovunja sheria ya Mzee Nassor nikamtazama shahidi usoni. Hakuwa na hofu. Alikuwa anashangaa tu, kama mwenye nyumba anayeulizwa kwa nini haketi sebuleni usiku kucha. Mimi ndiye niliyekuwa naumia, nasema ukweli. Nilisimama na neno mkononi linaloweza kumwokoa, na halikuwa langu kulitoa.

Wakili alipoketi, Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Sheria inamruhusu kuuliza maswali yake mwenyewe ya kufafanua, na aliuliza kwa Kiswahili, akimtazama bibi moja kwa moja.

"Bi Zuhura, huwa mnakwenda lini?"

Bibi akachangamka kama aliyesikia lugha ya kwao. Alieleza kwamba akiwa mzima huenda Ijumaa, asubuhi kabla ya jua kali. Huenda mfungo ukikaribia. Huenda Idd zote mbili, na mtu akiota ndoto mbaya, na wageni wa Tanga wakija. Husimama pembeni, husoma Fatiha, hung'oa magugu, hurudi. Nilisubiri amalize, nikatafsiri yote, na nilipofika kwenye kuyafunga kwa neno moja nikasema "continually".

Wakili wa Bwana Shija alisimama kupinga. Alidai mkalimani ameongeza maana, kwamba "huwa" ni neno la kujazia tu na halina uzito wa ushahidi. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho.

"Kiswahili nakielewa, Wakili," akasema. "Na wewe pia. Tumeketi hapa watu wote Waswahili, tunagombania neno la watu ambao hawapo." Halafu akaongeza kwamba hata hivyo neno moja la mdai halitoshi, kwa kuwa mdaiwa anakana kabisa kuwepo kwa njia, na hivyo baraza litahamia Mbweni kwenda kujionea.

Kuhamia eneo la mgogoro ni sehemu ya kazi ninayoikumbuka kwa raha kuliko zote. Mnatoka ofisini, mnakwenda kusimama juani penye kitu chenyewe. Mwenyekiti alifunga kilemba kichwani akavaa raba. Bwana Shija alitupokea vizuri, akatoa viti vya plastiki na maji ya chupa, akatuonyesha ukuta, banda la kuku, na mahali alipoibiwa nondo. Alikuwa mtu mkunjufu. Upande wa nyuma, kati ya michungwa yake michanga, nyasi zilikuwa nzuri kila mahali isipokuwa mstari mmoja mwembamba, mgumu kama sakafu, uliokwenda moja kwa moja mpaka ukutani na kuishia hapo.

Mwenyekiti aliufuata mstari ule kwa macho, halafu akamuuliza Bwana Shija, kama anayepiga soga tu, kwa nini hapa hapaoti kitu.

"Aah, hapa hata umwagilie hapaoti, Mheshimiwa," akajibu. "Hawa wanapitaga hapa toka sijajenga. Nilivyokuja kukikagua kiwanja niliwakuta wanapitaga."

Wakili wake alimshika kiwiko, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kila mtu alinitazama mimi. Nami nilisimama pale juani nikiisikia ile 'aga' niliyoiacha mlangoni nikiwa kijana, imenifuata mpaka Mbweni, na sasa natakiwa kuitafsiri.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba watu hawa wamekuwa wakipita hapa continually, tangu kabla hajajenga, na kwamba aliwakuta wakifanya hivyo alipokuja kukiona kiwanja.

Wakili akasema hilo si neno la Kiswahili sanifu, ni lugha ya mitaani, haliwezi kuingia kwenye kumbukumbu. Pale, nakiri, nilimkumbuka Mzee Nassor, nikaona kwamba angekubaliana naye. Mwenyekiti hakubishana. Alimgeukia Bwana Shija akamwomba aeleze mwenyewe alichomaanisha.

Bwana Shija alimtazama wakili wake, akamtazama Bi Zuhura aliyekalishwa kivulini kwenye kiti cha plastiki cha nyumba ile ile iliyomfungia geti.

"Namaanisha wanapita, wanakaa, halafu wanarudi tena," akasema. "Si wapita njia. Ni watu wenye kwao."

Hukumu haikuchukua muda mrefu. Mwenyekiti aliandika kwamba kutumia njia bila kukatizwa maana yake ni kwamba hakuna aliyekuzuia, si kwamba wewe mwenyewe hukuwahi kupumzika. Aliamuru njia iachwe, ukuta wa nyuma ufunguliwe pale inapofikia, na kigeti kidogo cha upana wa mtu mmoja kiwekwe upande wa mbele. Bwana Shija hakukata rufaa. Nilimsomea Bi Zuhura hukumu pale kwenye veranda ya baraza, naye aliniuliza lile neno la Kizungu lililopiganiwa sana maana yake ni nini hasa.

"Maana yake huwa mnakwenda, Bi mkubwa."

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Ndivyo ulivyosema."

"Basi mmenisumbua bure, mwanangu," akasema, akanishika bega ili ashuke ngazi.

Nilistaafu miaka michache baadaye. Sheria imebadilika sasa, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na mkalimani huitwa pale tu mgeni asiyejua Kiswahili anapofika. Wenzangu wengine wananiuliza kama siumii kuona kazi iliyonilea ikipungua hivyo. Nawajibu kwamba naumia kidogo, siku za Jumatatu hasa, lakini ni kazi ambayo ingefaa ipungue kabla hata sijaajiriwa. Naishi Kimara, nafuga kuku, na ninaye jogoo ambaye namwita Continual. Majirani wanadhani ni jina la Kibiblia.

Mwaka jana Bwana Shija alinipigia simu. Namba yangu alikuwa nayo tangu siku ya hukumu, na huwa tunasalimiana kwa Kisukuma. Safari hii hakusalimia kirefu. Alisema Bi Zuhura amefariki alfajiri, wanazika baada ya adhuhuri, na kama naweza nifike.

Nilifika wakati jeneza linaingia. Kile kigeti cha upana wa mtu mmoja kilikuwa kinamtosha bibi alipokuwa akienda na miguu yake, lakini hakikutosha watu waliombeba mabegani. Bwana Shija alikuwa amefungua geti kubwa, lile lenyewe, mabawa yote mawili. Alikuwa ametoa magari yake yote mawili nje barabarani, na kibanda cha kuku alikuwa amekisogeza. Alisimama pembeni bila viatu akishikilia bawa moja la geti lisirudishwe na upepo. Mlinzi wake mpya, aliyeshtushwa na umati, akamuuliza hawa ni akina nani.

"Wanapitaga hapa," akamwambia.

Tuliufuata ule mstari usioota nyasi mpaka mwisho. Walimlaza karibu na Mwanaidi. Wengine walipoanza kurudi, mimi nilibaki kidogo, na nikajikuta nimelirudia lile swali nililomuuliza kizimbani, kama angekuwa pale nimtafsirie tena. Mfululizo, bila kukatika. Safari hii angejibu ndiyo.

Sisi tuliobaki ndio wa kwenda na kurudi. Mama Neema amelala kwenye makaburi ya kanisa letu hapa Kimara, na juzi mjukuu wangu, anayesomea sheria, alinikuta navaa viatu. Akaniuliza, "Babu, hivi unaendaga kila siku?"

Nikamwambia si kila siku. Nikamwambia naendaga.